Lubumbashi mpaka Kipushi kwa miguu: usalama unatoka nyumbani



Toka Lubumbashi mpaka Kipushi ni karibu kilomita 30, upande wa kusini-magharibi, kando kabisa ya mpaka wa Zambia. Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Motokari na pikipiki zinapita barabarani, lakini si kila mtu ana pesa ya safari. Mmoja anapeleka unga kwa wazazi, mwingine anakwenda shambani. Wanaacha barabara na vumbi lake, wanafuata njia ndogo za porini.

Kutembea ni dawa nzuri kwa moyo na kwa damu, hatumkatazi mtu. Lakini mjue jambo moja: katikati ya njia hiyo, lopitali iko mbali kwa mwendo wa saa nyingi. Kile usichokitayarisha nyumbani, hutakipata porini.

HESABU SAA ZA MWENDO
Mtu mzima mwenye mzigo kidogo anatembea kilomita 4 kwa saa moja. Kilomita 30 zinaomba saa 7 na nusu. Pamoja na kupumzika, ni saa 9. Ukiondoka saa 12 asubuhi, utafika saa 9 mchana. Ukiondoka saa 4, usiku utakukuta njiani, na usiku mtu anakanyaga asichokiona. Uliyetoka kazi ya usiku, lala kwanza.

MAJI
Mwezi wa 9 na wa 10 jua ni kali sana. Kila mtu mzima abebe litre 3 au zaidi za maji yaliyochemshwa, anywe kidogo kidogo bila kungoja kiu. Usichote mtoni: kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika miji yetu. Tena, kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Maji ya kijito kinachopita kando ya mabaki ya mgodi hayanywewi, hata yakichemshwa.

Mwenzako akilalamika kichwa, akipepesuka au akianza kusema ovyo, jua limempiga. Mlaze kivulini, mfungue nguo, mlowanishe mwili wote na umpepee. Akiwa hajitambui, usimtie maji kinywani. Tafuteni njia ya kumfikisha lopitali.

NYOKA
Vaa viatu vinavyofunika mguu mpaka juu ya kifundo. Kandambili ni za nyumbani. Shika fimbo, tembea katikati ya njia, usiketi juu ya gogo bila kulitazama. Yuko nyoka mmoja mnene, mwenye kichwa kipana, rangi yake kama majani makavu. Huyo hakimbii akisikia watu: analala pale pale, na anayemkanyaga anaumwa.

Nyoka akiuma mtu, fanyeni hivi:
– Ondokeni karibu na nyoka. Msipoteze wakati kumtafuta.
– Mgonjwa alale, asitembee hata kidogo. Akitembea, sumu inaenea upesi.
– Mvueni kiatu, pete na bangili, maana mguu au mkono utavimba.
– Fungeni mguu kwa kijiti na kitambaa ili usitikisike, bila kukaza.
– Mbebeni kwa machela, au pikipiki, mwenzake akimshika nyuma, mpaka lopitali kubwa. Ulizeni kwa simu kama seramu iko, maana dispensere ndogo mara nyingi hazina.

Msikate kidonda, msinyonye damu, msikaze kamba: kamba inaua nyama ya mguu. Na lile jiwe jeusi ambalo wengi wanaliamini halivuti sumu. Linakula wakati tu, na wakati ndio uhai wa mgonjwa.

KABLA YA KUFUNGA MLANGO
Usiende peke yako. Jaza umeme katika simu. Mwambie mtu wa nyumbani utapita njia gani na utafika saa ngapi. Ikipita saa hiyo bila habari, yeye asingoje kesho: atume watu wafuate njia ile ile.

Na wewe ukifika Kipushi, kabla ya kuketi kula bukari, piga simu nyumbani.