TAHADHARI: UYOGA WA PORINI



Mvua zinaponyesha huku Jinja na Mbale, uyoga huota kwenye vichuguu, mashambani na chini ya miti. Uyoga wa ugenini wenye sumu unaweza kufanana kabisa na ule mliozoea kuula kwenu. Mwaka 2015 wakimbizi kutoka Syria walidhurika hivyo nchini Ujerumani: walidhani wamechuma uyoga wa kwao.

Msiamini maneno haya:
1. "Ukichemshwa sumu hutoka." Si kweli. Sumu inayoua haiharibiwi kwa kupika wala kukausha.
2. "Ukiliwa na wadudu ni salama." Si kweli.

Dalili
Uyoga mwingine hutapisha baada ya muda mfupi. Ule unaoua hukawia: kutapika, kuharisha na kuumwa tumbo huanza baada ya saa 6 hadi 24. Siku ya pili mgonjwa huonekana amepata nafuu. Msidanganyike. Wakati huo sumu inaharibu ini. Baadaye macho huwa ya manjano, na mgonjwa anaweza kufa.

La kufanya
- Mpelekeni mgonjwa zahanati mara moja, hata kama ameacha kutapika. Anaweza kuhitaji hospitali ya rufaa ya Jinja au Mbale.
- Wote waliokula chakula hicho waende pia, hata wasiojisikia vibaya.
- Chukueni mabaki ya uyoga huo, mbichi au uliopikwa.
- Semeni uliliwa saa ngapi.

Usioujua kwa hakika, usiuchume. Waonyeni watoto.