Punje Moja Iliyomshinda Mfalme

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee wetu. Leo, msomaji mpendwa, nataka nikuonyeshe haba isiyotosheka kwa kibaba wala kwa ghala.

Ubao wa sataranji una vyumba 64. Ibn Khallikan, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1282, asimulia kwamba Sissa, mtu wa hekima, aliubuni mchezo huo kwa ajili ya mfalme Shihram wa Bara Hindi. Alipoambiwa achague zawadi, akataka ngano: punje moja kwa chumba cha kwanza, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, na kurudufu hivyo hadi chumba cha mwisho. Mfalme aliliona ombi hilo dogo mno. Makarani walipopiga hesabu, ikadhihirika ngano hiyo haipatikani.

Ibn Khallikan mwenyewe hakuamini, mpaka karani mmoja wa Iskandaria alipomfanyia hesabu akaiona kwa macho yake. Jumla yake ni 18,446,744,073,709,551,615.

Lakini al-Biruni wa Khwarizm alikwisha kuipata idadi hiyo karibu na mwaka 1000, tena kwa njia ya mkato. Moja na mbili na nne ni saba, yaani nane kasoro moja. Basi jumla siku zote hupungua moja tu kwa kile ambacho kingewekwa chumba kifuatacho. Chukua 16, izidishe kwa nafsi yake upate 256, nayo kwa nafsi yake, 65,536, tena, 4,294,967,296, tena mara ya nne, kisha toa moja. Umefika.

Tukikadiria punje elfu kuwa gramu 40, hizo ni tani bilioni 738. Mavuno ya ngano ya dunia nzima, kwa kiasi cha tani milioni 800 kila mwaka, hayatoshi hata kwa miaka 900.

Sasa tazama bao letu la pwani. Lina mashimo 32, nusu ya vyumba vya sataranji. Ukilijaza kwa mtindo huo, utatumia tani 172 hivi. Tajiri wa nafaka aweza kuzitoa. Balaa lote limejificha katika nusu ya pili.

Nayasema haya kwa uchungu. Katika ujana wangu nilikopa shilingi 500 kwa mtu, kwa sharti kwamba kila mwezi upitao bila kulipa, deni lirudufu. Nilitia sahihi huku nikicheka. Mwezi wa kwanza, 1,000. Wa pili, 2,000. Wa tano ulipotimia nadaiwa 16,000, na mama yangu akauza vikuku vyake vya dhahabu.

Aya ya 130 ya Sura ya Aali Imran, inayokataza riba ya kurudufu, nilikuwa nimeihifadhi chuoni tangu utotoni. Nilikuwa sijaipigia hesabu.

Basi, ndugu yangu, kabla ya kutia sahihi, keti na mwanao mkahesabu hadi shimo la mwisho.