Nyumba ya kupanga mjini au lupango ya mbali? Tuhesabu kwanza

Masomo: 2 Wafalme 6:1-7, Mwanzo 23, Luka 14:28-30



Kila mwaka kiangazi kinapoingia na watoto wanakaribia kufunga masomo, swali moja hurudi katika barua mnazotuletea redioni na katika mazungumzo yetu na familia baada ya ibada. Mwenye nyumba ameongeza kodi, au anaitaka nyumba yake. Pesa ya garanti mpya haipo. Ndugu mmoja yuko Kasenga, au Kilwa, au Pweto, naye anasema huko nyumba ni bei ndogo na udongo unazaa. Je, tuondoke Lubumbashi au tubaki?

Wanaouliza wanataka tuseme ndiyo au hapana. Sisi tunaomba pamoja nao, halafu tunachukua kalamu na karatasi. Leo tunaeleza jinsi tunavyofanya hesabu hiyo, ili baba na mama waketi nao waifanye nyumbani kwao.

Biblia inalijua jambo hili. Katika 2 Wafalme 6, wana wa manabii walimwendea Elisha wakamwambia kwamba mahali walipokaa pamewabana. Hawakuona haya kusema hivyo, wala Elisha hakuwakemea kwamba wamekosa imani. Lakini tazama walivyopanga: walijua wanakwenda wapi, Yordani, walijua watajengea nini, kila mtu boriti yake, waliomba ruhusa, tena mmoja wao akamsihi mtumishi wa Mungu aende pamoja nao. Hata hivyo mmoja alikwenda na shoka la kuazima, na shoka lile likatumbukia majini. Shoka hilo tutalirudia.

Tuanze na mjini, kwa sababu wengi wanakimbia gharama ambayo hawajaipima. Tuandike mfano. Familia inapata nyumba ya vyumba vitatu kwa dola 70 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka garanti ya miezi sita: 420. Ongeza mwezi wa kwanza, 70, na ya komisioneri, ambayo kwa desturi ni mwezi mmoja, 70. Jumla ni dola 560 kabla ya kuingiza hata kitanda. Kwa mtu anayepata franka na kudaiwa dola, huo ni mlima.

Lakini wakristo wengi hawajui kwamba kuna sheria. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Kwa mfano wetu ni dola 210, si 420, na jumla yote inashuka hadi 350. Tena garanti si zawadi kwa mwenye nyumba. Ukitoka unarudishiwa, akiisha kutoa gharama ya ulichoharibu. Tunajua wenye nyumba wengi hawaifuati sheria hiyo, na mpangaji anayeisema kwa ukali atakosa nyumba. Isemeni kwa upole, mkiwa na shahidi, na mwandike karatasi ya mapatano yenye sahihi mbili. Na ninyi wenye nyumba mnaokaa viti vya mbele kanisani mkiombewa baraka, neno hili linawahusu kuliko wapangaji. Mkristo anayemdai ndugu yake miezi sita wakati sheria inasema mitatu, asitupe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyompa nyumba ya pili.

Sasa tuandike upande wa pili. Katika mji mdogo familia ileile tuseme inapata nyumba kwa dola 15. Inaokoa 55 kila mwezi, yaani 660 kwa mwaka. Hapo ndipo wengi wanaimba haleluya na kufunga mizigo. Ngojeni kidogo. Baba huyo mjini anapata kiasi gani? Tuseme 250 kwa mwezi. Kule atapata kiasi gani? Kama ni 150, amepoteza 100 ili aokoe 55. Nyumba imekuwa rahisi, na familia imekuwa maskini zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza si kodi, ni kazi ya mikono yako. Fundi wa kuchomelea vyuma anayetegemea umeme atafanya nini mahali ambapo umeme haufiki, au unafika kwa saa chache? Mshonaji mwenye mashine ya kukanyaga kwa miguu anaweza kuendelea, na mara nyingi huko washonaji ni wachache. Mama anayeuza unga kwa meka sokoni Kenya ana wateja waliomzoea miaka mingi. Wateja hao hawatapanda lori pamoja naye. Mwalimu anayelipwa na serikali asisogee bila karatasi ya kuhamishwa, maana mshahara wake unafuata shule aliyoandikwa. Mvuvi, mkulima, muuguzi, fundi wa pikipiki, hao wana nafasi. Lakini mtu aliyekaa Katuba miaka ishirini bila kushika jembe, tusimdanganye kwamba shamba litamlisha mwaka wa kwanza. Mahindi yanapandwa mvua zinapoanza, Novemba hivi, na kuvunwa Aprili au Mei. Anayefika Julai bila akiba ana karibu miezi kumi ya kununua chakula.

Chakula chenyewe kina pande mbili. Samaki, mihogo na makala huko ni bei ndogo. Sabuni, mafuta, sukari, madaftari na dawa vinapanda, kwa sababu vimesafiri. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasenga ni zaidi ya kilomita 200, na Pweto ni mbali zaidi. Wakati wa mvua njia inaharibika, magari yanalala matopeni, na mfanyabiashara anaweka gharama hiyo yote juu ya kipande cha sabuni.

Kuhusu shule, msingi hausumbui sana. Elimu ya bure katika shule za msingi za serikali ilianza mwaka 2019 hata huko. Shida ni sekondari. Binti yako anayesoma sayansi, je, section hiyo ipo katika mji mnaokwenda? Kama haipo, atabaki mjini kwa shangazi, na shangazi atahitaji unga, sabuni na pesa ya basi. Andika gharama hiyo katika karatasi. Mbele ya Mungu andika pia hii: binti wa miaka kumi na tano anayelala sebuleni kwa watu, nani anamlinda?

Afya vilevile. Pande za mto Luapula na ziwa Moero zinajulikana kwa kolera inayorudi mara kwa mara. Hatusemi hayo ili kutisha. Watu wanaishi huko, wanazeeka huko, na makanisa yako huko. Tunasema ili mtu aulize kabla ya kwenda: maji ya kunywa yanatoka wapi, kituo cha afya kiko umbali gani, mama akipata uchungu wa kuzaa usiku atapelekwa na nini? Kama mmoja nyumbani ana kisukari, presha au ugonjwa wa sikoseli, ukosefu wa dawa unaweza kufuta akiba yote ya kodi katika safari moja ya kumrudisha mjini.

Tuseme sasa jambo linalotuumiza kuliko hesabu za dola. Mara nyingi baba anasema: nitatangulia, nitengeneze, halafu nitawaita. Anaondoka na akiba. Mama anabaki na watoto na kodi ileile. Miezi mitatu inakuwa mwaka, simu zinapungua, na siku moja tunasikia kwamba kule kuna mwanamke mwingine na mtoto mchanga. Tumezika ndoa za namna hiyo, si moja wala mbili. Hatukatazi mume kutangulia; ni busara mmoja akaone kwanza. Lakini wapatane tarehe kabla hajapanda gari, tarehe iandikwe, na wazee wawili wa kanisa waijue. Akishindwa kuwaita wake tarehe hiyo, arudi. Tena mama asiambiwe safari ikiwa imekwisha kupangwa. Yeye ndiye anayejua meka moja ya unga inalisha siku ngapi. Hesabu iliyofanywa bila yeye ina shimo.

Wengine wanasema hawakimbii kodi tu, wanataka lupango yao wenyewe, wasifukuzwe tena. Tamaa hiyo ni njema. Mjini ni vigumu kuitimiza, huko inawezekana. Hapo tusome Mwanzo 23. Abrahamu alikuwa amepewa ahadi ya inchi yote na Mungu mwenyewe. Lakini alipohitaji mahali pa kumzika Sara, Efroni alipomwambia achukue shamba bure, Abrahamu hakukubali. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu langoni mwa mji, na shamba, pango na miti yake vikathibitishwa kuwa mali yake mbele ya mashahidi. Mwenye ahadi ya Mungu alitaka mashahidi. Na wewe unaingia kwa maneno ya mjomba tu?

Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa inchi yetu ni mali ya serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia. Karatasi ya shefu wa kijiji ni mwanzo mzuri, tena bila shefu hutakaa kwa amani, lakini haifungi safari. Ulizeni ofisi ya mambo ya udongo katika territoire kama kipande kile hakina mtu mwingine, na mfuate hatua mpaka kwenye sertifika. Hatua hizo zina gharama. Ziingizeni katika hesabu tangu mwanzo. Majina ya mume na mke yote mawili yaandikwe. Tumeona wajane wakitolewa nje na shemeji zao siku arobaini hazijaisha, kwa sababu karatasi ilikuwa na jina moja.

Kuna watu wanaokataa kuondoka kwa sababu ya hofu ya uchawi wa jamaa kijijini. Hao tunawaambia kwamba Bwana aliyewalinda Kampemba yuko na Kilwa. Hofu hiyo isiingie katika hesabu. Kuna na wengine wanaotaka kuondoka kwa sababu ya unabii. Hatuzimi Roho. Lakini nabii akikuambia uhame kabla ya mwezi kuisha, muulize pia watoto watasoma wapi. Mungu aliyesema juu ya safari hashindwi kusema juu ya chakula cha njiani, naye hakasiriki ukiketi kwanza na kuhesabu, kama Bwana Yesu alivyosema katika Luka 14 juu ya mtu anayejenga mnara.

Turudi kwa lile shoka. Mtu yule alilia kwa sababu lilikuwa la kuazima. Wengi wanahama wakiwa na deni: kodi ya miezi minne, likelemba ambalo wameshakula zamu yao na bado hawajalipa wengine. Wanaondoka usiku. Huko si kuhama, ni kutoroka, na deni linawafuata kwa simu hadi ng'ambo ya mto. Nendeni kwa mwenye nyumba mchana, patanane naye, garanti ikatwe kile mnachodaiwa, mwandikiane. Wala msikope pesa ya safari mkitumaini mavuno ya kwanza. Chuma kilielea mara moja katika Biblia nzima.

Kwa wengine njia haiko Lubumbashi katikati wala Kasenga. Iko pembeni ya mji, katika Annexe, kwenye kodi ndogo zaidi. Hapo pigeni hesabu ya basi: watu wawili, kwenda na kurudi, siku ishirini na sita. Mara nyingine basi linakula kile ambacho kodi imeacha, mara nyingine sivyo. Na wengine, wakiisha kujumlisha, wanaona kwamba kweli watakuwa na nafuu mbali, kwa sababu kazi yao inakubalika huko, watoto bado wadogo, na ndugu wa kuwapokea yupo. Hao tunawabariki kwa furaha. Makanisa ya miji midogo yanahitaji mashemasi, waimbaji na walimu wa watoto.

Kama mmeamua kwenda kiangazi hiki, mmoja wenu afike kwanza, akae wiki mbili, alale pale, anunue sokoni kwa pesa yake mwenyewe. Wekeni kando pesa ya kurudi, isiguswe kwa mwaka mzima. Naomi aliporudi Bethlehemu mikono mitupu, angalau njia ilikuwa wazi na jamaa walimtambua. Chukueni buleteni za watoto shuleni kabla ofisi hazijafungwa. Pitieni kwa mchungaji wenu awape barua ya utambulisho, ili Jumapili ya kwanza msikae nyuma kama wageni. Na mizigo ipande gari kabla ya mwisho wa Septemba, maana mvua zikianza, dereva atataka mara mbili.