Mdudu wa Tumboni na Damu Isiyopanda

Huenda unamfahamu mama wa namna hii. Yuko Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, au kule Mwadui kwenye almasi. Kila apimwapo, damu yake ni haba. Hupewa vidonge vya madini ya chuma, damu ikapanda kidogo, kisha ikashuka tena. Tumbo nalo humchoma, lakini hilo amekwisha kulizoea. Hulituliza kwa maziwa.

Ni wachache wanaofikiri kwamba mambo hayo mawili yaweza kuwa na chanzo kimoja.

Chanzo chenyewe ni kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, kilichojisokota mithili ya skrubu. Barry Marshall na Robin Warren walikitambua mjini Perth, Australia, mwaka 1982. Wataalamu wengi hawakusadiki; ndipo mwaka 1984 Marshall alipokunywa vijidudu hivyo mwenyewe, akaugua tumbo. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2005, baada ya subira ndefu kweli.

Tumbo lililosumbuliwa na mdudu huyu kwa miaka mingi laweza kupungukiwa na asidi. Nayo asidi ndiyo isaidiayo chuma kilichomo katika mtama, maharage na mchicha kuingia mwilini. Pengine kidonda huvuja damu kidogo kidogo, pasipo mtu kuiona. Hivyo mgonjwa hula, humeza vidonge, na bado huhema akipanda kilima kidogo tu. Vitamini B12 nayo yaweza kupungua kwa njia hiyo hiyo.

Tusimsingizie mdudu huyu kila kitu. Malaria, minyoo ya safura na kichocho hupunguza damu pia, na wengi wanaoishi na mdudu huyu hawaugui kamwe. Lakini hayo yakichunguzwa na damu ikikataa kupanda, mwulize daktari juu ya kipimo cha choo. Kipimo cha damu chaweza kuonyesha maambukizo yaliyokwisha kupita.

Tiba ni dawa mbili za kuua vijidudu pamoja na ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Anayeziacha siku ya tano kwa sababu maumivu yametulia humwachia mdudu nafasi ya kuzizoea dawa. Kipimo hurudiwa baada ya majuma manne au zaidi.

Nawe mfanyakazi unayetafuna vidonge vya maumivu kabla ya zamu, fahamu kuwa baadhi yake huleta vidonda vyenyewe. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.