Askari na Mtihani wa Kiingereza: Kukariri Hakutoshi

Mjini Gisenyi, jua linapotua ng'ambo ya Ziwa Kivu na wachuuzi waliovuka kwenda Goma wanaporejea makwao, askari aliyetoka lindoni huketi na daftari lake. Mtihani wa kuingia chuoni wamkabili. Kinyarwanda alizaliwa nacho. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, hukisikia kila siku mpakani. Na Kifaransa ndicho walichosomea wakubwa wake wengi. Lakini mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, lugha ambayo Serikali iliamua mwaka 2008 kuwa ya kufundishia shuleni.

Desturi ya wengi ni kunakili maneno magumu 50 kwa usiku mmoja na kuyakariri kama wimbo wa gwaride. Kukipambazuka, mengi yamekwisha kusahauliwa. Iko njia iliyo bora.

Kwanza, na ajifunze mizizi. Kiingereza kilipokea maneno mengi ya asili ya Kilatini, hasa kwa njia ya Kifaransa, baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mzizi "port" una maana ya kubeba. Basi "import" ni kuingiza bidhaa nchini, "export" ni kuzipeleka nje, "transport" ni kuchukuza, na "deport" ni kumfukuza mgeni nchini. Polisi wa mpakani huyakuta yote manne kazini mwake.

Pili, ajihadhari na maneno yanayofanana kwa sura lakini si kwa maana. "Demander" kwa Kifaransa ni kuomba. "Demand" kwa Kiingereza ni kudai. "Éventuellement" ni huenda. "Eventually" ni hatimaye. Afisa akiandika katika taarifa kwamba kikosi kitafika "eventually", naye akikusudia kusema huenda kikafika, wenzake watangojea msaada ambao pengine hautakuja kamwe.

Tatu, ayatamke maneno kwa sauti. Kinyarwanda hakitenganishi maana kwa sauti za "l" na "r", bali Kiingereza hutenganisha: "collect" ni kukusanya, "correct" ni kusahihisha.

Kila neno jipya liandikwe ndani ya sentensi inayohusu kazi ya mwanafunzi mwenyewe: doria, ghala, upekuzi au ushahidi. Lirudiwe kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma. Wawili wakiulizana maswali lindo likiisha, watasonga mbele upesi kuliko mmoja aliyejifungia peke yake.

Wala faida yake haiishii katika chumba cha mtihani. Askari wa Rwanda wamelinda amani Sudani Kusini, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza. Huko, neno lililoeleweka vibaya katika redio halipunguzi alama. Laweza kupoteza maisha ya mtu. Kwa sababu hiyo, ndugu askari, daftari lako lihifadhi kama unavyoihifadhi bunduki yako: lifungue kila siku, hata siku ambayo hakuna ukaguzi.