Vijidudu Sugu Katika Samaki: Tujikinge Vipi?

Sisi wa Kilosa na Mikumi tuko mbali na bahari, lakini kamba, pweza na samaki wa Dar es Salaam hutufikia kwa basi kupitia barabara kuu. Nasi tunaipelekea bahari vya kwetu. Mto Mkondoa huingia Wami, na Wami humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Choo kinapobomolewa na mafuriko, kinyesi hufuata njia hiyo, pamoja na vijidudu vilivyokwisha kuzoea dawa.

Usugu huanzaje? Antibiotiki zinapotumiwa ovyo, vijidudu dhaifu hufa, vile vyenye nguvu hubaki na kuzaana. Mwishowe dawa ile haiviwezi tena.

Jambo hili limekwisha kutokea hapa nchini. Kipindupindu kilipozuka mwezi Oktoba 1977, tetrasaiklini iliviua vijidudu vyake bila shida. Dawa hiyo ikatolewa kwa wingi, hata kwa watu wasioumwa, ili kuwakinga. Baada ya miezi 5 tu, vijidudu 76 katika kila 100 vilivyopimwa vilikuwa sugu.

Kijidudu cha kipindupindu huishi pia katika maji ya bahari, hasa kwenye midomo ya mito, na hujishikiza kwenye maganda ya kamba na kaa. Tukila kamba hao wakiwa hawajaiva, kinaingia tumboni.

Tumbo letu lina askari wake, yaani tindikali, ambayo huua vijidudu vingi. Lakini vikiwa vingi mno, au vikijificha ndani ya chakula, baadhi hupita salama. Mtu anayetumia dawa za kupunguza tindikali kwa ajili ya kiungulia au vidonda vya tumbo yuko katika hatari zaidi. Vikifika kwenye utumbo, vijidudu sugu vinaweza kuwapa vijidudu wenyeji vinasaba vya usugu. Hivyo mtu huweza kubeba usugu bila kuumwa, akaja kuugundua siku anapougua na dawa ikashindwa.

Habari njema ni kwamba kijidudu kinachoishinda dawa hakiushindi moto. Kwa hiyo:

1. Pika samaki, kamba na pweza mpaka waive hadi ndani. Kukausha au kuweka kwenye barafu hakutoshi.

2. Kisu na ubao uliokatia samaki mbichi usikatie kachumbari kabla ya kuvisafisha kwa sabuni na maji safi.

3. Samaki aliyekaangwa asubuhi na kukaa wazi mezani, mpashe moto sana kabla ya kumla.

4. Nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji ya kunywa, na tumia choo.

Na mtoto akiharisha? Sisi wauguzi tumewapokea watoto wenye macho yaliyoingia ndani na midomo mikavu, huku mama ameshika vidonge vya rangi mbili alivyonunua dukani akisubiri vifanye kazi. Mama huyo anampenda mwanawe, ila anachokosa mtoto ni maji na chumvi. Mara nyingi kuharisha hakuhitaji antibiotiki. Mpe maji ya ORS. Kama huna, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umpeleke zahanati apewe pia vidonge vya zinki.

Kuharisha maji kama ya mchele, au choo chenye damu, au mtoto kulegea, ni dalili za hatari. Usingoje kesho. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulifika hadi mkoani kwetu Morogoro. Mgonjwa mahututi anaweza kufa kwa saa chache, na ni mganga atakayeamua dawa gani bado inafaa.

Kinga ni bora kuliko tiba, na katika jambo hili kinga yenyewe iko jikoni kwetu.