Suzuki, mkemia aliyeacha njia bila ushuru

WENGI wanaomeza vidonge vya presha viitwavyo losartan hawajapata kusikia jina la Akira Suzuki. Ni mkemia wa Japani, aliyezaliwa Mukawa, kisiwani Hokkaido, mwaka 1930.

Tatizo alilolishughulikia nalifahamu kama mwalimu wa kemia: kaboni mbili haziungani kirahisi, na bila kuziunga dawa nyingi hazitengenezeki. Mwaka 1963 alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Purdue, kwa Herbert Brown, bingwa wa boroni. Baada ya miaka miwili akarejea Sapporo na ujuzi huo. Sisi tuliosomea ugenini tunajua kuwa mzigo wa kichwani hautozwi kitu mpakani.

Mwaka 1979, yeye na Norio Miyaura walitangaza mbinu yao. Kaboni moja hushikwa na boroni, nyingine na bromini au iodini. Paladiamu kidogo tu, ikiwa kichocheo, huzikutanisha, kisha huachana nazo ikaunge nyingine. Tena misombo mingi ya boroni inayotumika huvumilia maji na hewa, jambo linalopendwa sana viwandani.

Suzuki hakuiombea hataza, yaani haki ya kudai malipo kwa kila anayeitumia, kwa kuwa utafiti uligharimiwa na fedha za serikali. Mfanyabiashara atasema kapata hasara. Mimi nasema viwanda vilipita bure, na mbinu hiyo ikaingia katika utengenezaji wa losartan.

Nobel aliipata mwaka 2010, pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi, akiwa na miaka 80.